Gundi ya Fundi Viatu kwenye Mishale ya Mkwe

Bofrere wangu, mume wa dada yangu, ni mtoto wa reli. Baba yake alifanya kazi kwenye reli, naye yuko huko huko, na nyumbani kwao hapa Kamina hakivunjiki kitu kisipakwe gundi. Kiti, mpini wa sufuria, ndala za watoto, jalada la Biblia: vyote vina mstari wa manjano. Ni ile gundi ya mafundi viatu, ya kwenye kopo, inayonuka mpaka kichwa kinauma.

Sisi ni watu wa shamba. Katika familia yetu mwanamume huhesabiwa mkwe siku anapomletea mama wa mke wake paja la mnyama aliyemwua mwenyewe, kwa mshale, wakati wa kuchoma nyasi. Bunduki haikubaliwi. Nyama ya sokoni ni tusi. Kabla ya hapo mama mkwe hali kwake wala haketi. Dada yangu alikuwa na miaka minane ya ndoa, na kwa miaka yote hiyo mama yetu alikuwa akija kuwaona wajukuu huku amesimama uani kama askari wa zamu. Dada alichoka. Kiangazi hicho alimwambia mumewe kwamba ama mama aketi, ama yeye mwenyewe aache kupika wageni wakija.

Basi bofrere akatengeneza mishale. Upinde aliazima, lakini mishale alitaka iwe yake. Nilikwenda kumtazama, maana napenda kuona kazi inavyofanyika. Alikuwa na manyoya mazuri ya kanga, na aliyaharibu kwa utulivu mkubwa. Uti wa unyoya hakuukwangua, ukabaki na mafuta yake. Gundi aliipaka nene kama siagi ya sikukuu. Uzi wa kufunga ncha za manyoya aliuona ni uchafu.

Nikamwambia kwamba kwetu hutumiwa ulimbo, utomvu wa mti unaochemshwa mpaka unakuwa mweusi, unapakwa mwembamba ungali moto, kisha ncha zinafungwa kwa uzi. Nikamwambia pia kwamba nilikuwa nimejaribu gundi yake. Nilibandika manyoya kwenye mabua ya mtama, mengine kwa ulimbo, mengine kwa gundi ya manjano, nikayaweka juu ya bati la jikoni. Saa sita mchana ya manjano ilikuwa laini kama ute, na manyoya yanateleza.

Alicheka. “Minyi niko mu atelye ya reli miaka kumi na tano. Munataka kunifundisha kole? Weye iko mwalimu, bakia na chaki yako.”

“Chaki haiyeyuke,” nilimjibu.

“Ulimbo iko ya kukamatia ndege. Hii kole inashika mpaka kiatu ya shefu.”

Ningemsamehe kama angeishia hapo. Lakini baada ya kuudharau ulimbo, alitaka aonekane anaheshimu desturi. Kwetu mishale hutundikwa juu ya moto wa jikoni, moshi uwafukuze wadudu wanaokula manyoya. Ulimbo unaupenda moshi, unazidi kukauka. Yeye akaichukua mishale yake yenye gundi ya viatu na kuitundika papo hapo, juu ya jiko ambalo dada yangu hupikia bukari, yaani ugali, mara mbili kwa siku. Wiki nzima. Kila mgeni alionyeshwa: “Munaona? Kama ya bankambo.” Mababu hawakuwa na kopo, lakini wageni walisifu. Watu wa mjini husifu kitu chochote kilichoningʼinia juu ya moshi.

Siku ya kuchoma nyasi tulisimama kwenye mstari, jirani yetu mzee upande wa kushoto, bofrere katikati, mimi kulia. Moto ulikuja ukituelekea, na joto lake mbele. Paa mmoja akatoka, akasimama kabisa mbele ya bofrere, karibu mno. Hata mimi ningempata. Bofrere akavuta upinde, akaachia. Mshale ukaenda hatua chache, ukageuka ubavu kama mlevi, ukalala kwenye kichuguu. Paa akageuka kuutazama. Jirani akampiga kwa mshale mmoja, wala hakuwa na haraka.

Niliuokota ule mshale. Unyoya mmoja ulikuwa umeteleza mpaka katikati ya uti wa mshale, mwingine ulibaki kidoleni mwangu.

Jirani ni mtu wa huruma, na huruma yake ni ya kijinga. Akakata paja, akampa bofrere: “Peleka. Nani atajua?” Bofrere akalichukua. Tulilipeleka moja kwa moja kwa mama.

Mama alilipokea mlangoni, akaligeuza, kisha akaomba kuona mshale. Alipewa.

“Hii iko mushale ao iko fagio?”

Bofrere akakohoa.

“Nani aliua huyu nyama?”

Nilidhani atadanganya. Dada yangu alikuwa nyuma ya mama, akimwomba mumewe kwa macho adanganye. “Jirani,” akasema. “Yangu ilianguka njiani, mama.”

“Basi peleka kwa mama mukwe yake.” Akamrudishia paja. Naye akalipeleka, kwa miguu, mbele ya mtaa wote.

Juma lililofuata mama alikuja kuwaona wajukuu. Bofrere alikuwa uani na manyoya mapya, anakwangua uti kwa wembe, vibaya. Mama alisimama kando yake muda mrefu.

“Unachonga kijiko?”

Akaendelea kukwangua. Mama akavuta kigoda, akaketi, akamnyangʼanya wembe. Chakula alikataa. Alisema ameketi kwa sababu mjinga wa namna ile huwezi kumaliza kumfundisha ukiwa umesimama.