Kijikaratasi Kimoja cha Sukari

Nyumbani kwao wanamwita Bingwa, na jina hilo karithi kwa mjomba wake, hilo halina ubishi. Huu ni mwaka wake wa tisa kwenye ambulansi. Kila asubuhi hukagua gari: mtungi wa oksijeni, machela, glavu, bandeji. Siku hiyo, baada ya kubadilishiwa zamu mara tatu wiki hiyo, alitia alama ya vyema orodha nzima huku kafumba macho nusu. Hata kichupa cha vijikaratasi vya kupimia sukari hakukifungua.

Simu ya kwanza: mtu mzima, ana sukari, anaongea ovyo.

Mlango ulifunguliwa na mama mmoja nadhifu. Alimpa Bingwa mkono, mkono umelowa. "Karibuni wanangu. Mgonjwa yuko kochini."

Kochini alikaa mumewe. "Mimi? Mgonjwa ni huyo aliyewafungulia!"

"Mnaona anavyoongea?" mama akasema.

Wote wawili wana sukari, na vidonge vyao viko kopo moja. Bingwa akafungua kichupa chake. Ndani, kijikaratasi kimoja, kimelala peke yake kama kimefiwa. Ukimpa sukari ambaye yake imepanda, umemwongezea balaa. Ukimwacha ambaye yake imeshuka, anazimika mbele yako.

"Bingwa," dereva akamnong'oneza, dada mwenye ulimi mkali, "si ulisema vipo?"

"Kipo."

Akakimbilia maswali. "Mzee wangu, leo siku gani?"

"Jumatano."

"Muongo! Alhamisi!" mama akadakia.

Bingwa mwenyewe hakujua. Akachungulia fomu: pale pa tarehe, peupe. Akamtazama dereva, dereva akatazama dari.

"Haya, mna watoto wangapi?"

"Watatu," mzee akasema.

"Wanne!"

"Anamhesabu na mkwe!"

"Mkwe si mtoto?"

Kichwa kikamzunguka Bingwa kama pangaboi. Mzee anafoka, lakini anafoka kwa mpangilio. Mama anatabasamu, lakini vifungo vya sweta vimepishana. Au ndivyo anavyovaa siku zote? Na ule mkono, si alikuwa anaosha vyombo?

Vyombo. Akageuza shingo kuelekea jikoni. Vikombe vimerundikana kwenye beseni, vichafu, vikavu, na bomba halidondoshi hata tone.

"Mama, hebu nipe tena mkono."

Ulikuwa baridi, umelowa jasho, na unatetemeka. Akamchoma kidole, roho mkononi, maana akikosea hapa hana kingine. Kipimo kikasoma mbili nukta moja: imeshuka mno.

"Alimeza vidonge, chai hakunywa," mzee akasema, sauti imepungua. "Nimemwambia tangu asubuhi."

Bingwa akamnywesha maji ya sukari taratibu, kijiko kwa kijiko, dereva akiwa kamshika mgongo. Mzee akasogea ukingoni mwa kochi, hafoki tena. Dakika kumi zikapita. Mama akashusha pumzi, akajitazama kifuani, akaanza kuvifungua vifungo na kuvipanga upya.

"Tunakupeleka hospitali, mama, wakakupime vizuri," Bingwa akasema, kisha akainamia fomu. Kalamu ikasimama palepale pa tarehe. Akakohoa. "Na... leo siku gani?"

Mama akamtazama kwa huruma.

"Jumatano, mwanangu. Lakini watoto ni wanne."