Benchi la Chini ya Ngazi

Jina lake halisi alilijua karani wa mishahara tu. Sisi wengine pale ofisi ya mipango miji tulimwita Futi. Kila baada ya miaka mitano tulizunguka katikati ya mji kupima maduka, mimi nikishika ncha moja ya tepu, yeye nyingine, ili bosi akadirie mji utahitaji nafasi ya maduka kiasi gani miaka ishirini ijayo. Na ukaidi wake, jamani! Shemeji yangu mwuza vitambaa alimbembeleza amwongezee nusu mita tu. "Shemeji," Futi akamjibu, "tepu yangu haina ndugu."

Mwaka ule fomu ilikuja na sharti jipya: sehemu isiyofika mita tatu za mraba haihesabiwi kuwa duka, na isiyohesabiwa haitapata nafasi kwenye jengo jipya litakalojengwa badala ya lile la zamani. Nilipoisoma nikairudia tena. Chini ya ngazi za jengo hilo la zamani alikaa fundi viatu mmoja, babake Futi.

Tulimfikia saa sita mchana. Tukapima mara tatu. Mbili na nusu.

"Andika," Futi akaniambia.

"Huyu ni baba yako!"

"Andika, dada."

Nilimchukia, sifichi. Kalamu niliishika tu, sikuandika.

Mzee hakuinua macho kwenye sindano yake. "Na benchi je?"

Fomu ilisema wazi kwamba mahali mteja anapokaa kusubiri ni sehemu ya duka. Lakini wateja wa mzee huacha viatu wakaenda zao. Aliyekaa pale ni Futi peke yake, kila mchana tangu mama yake afariki, wakila pamoja. Na mtoto wa mtu si mteja.

"Baba, unajua ni nani hukaa hapo."

"Najua. Ndiyo maana sijaliondoa."

Futi akaviangalia viatu vyake. Soli zilikuwa zimelika kwa kuuzunguka mji, na miaka nenda miaka rudi mzee alimsihi amwachie avitengeneze. Alikataa, hakutaka kumchosha. Sasa akavivua vyote viwili, akamkabidhi, akakaa kwenye benchi na soksi zake, ya kushoto ikiwa na tundu.

"Kazi kubwa?"

"Kubwa. Utasubiri."

"Nitasubiri."

"Na utalipa kama wenzako."

"Nitalipa, baba."

Ndipo akaninyooshea ncha ya tepu, bila kuinuka. Benchi liliongeza robo tatu. Nikaandika tatu na robo, machozi yakinitoka, namba ikaenda upande.

Mzee alikipindua kiatu kimoja, akapitisha kidole gumba kwenye soli iliyotoboka.

"Karibu, mteja," akasema. "Umechelewa sana."