Programu Isiyosikia Amri

Miaka ile ya vita nilikuwa natunza seva tatu katika ofisi moja ya mtaa wa Hai Malakal, mjini Juba. Kazi yetu ilikuwa kuwatafutia watu ndugu waliopotezana nao. Programu yetu ililinganisha majina kutoka kambi mbalimbali. Juu yake kulikuwa na programu nyingine, tukiiita msimamizi, iliyoamua kazi ipi ikae seva ipi. Msimamizi akitaka kuihamisha kazi huiamuru isimame, huipa sekunde thelathini ihifadhi ilichonacho, kisha huiua kwa nguvu.

Yetu haikuhifadhi kitu. Kila ilipohamishwa, majina yaliyopatikana siku nzima yalipotea.

"Ongeza muda," alisema mwenzangu, mama mmoja aliyerudi kutoka Kampala na Kiswahili chake cha huko. "Mimi hata viatu siwezi pata kwa sekunde thelathini."

Nikaongeza hadi dakika mbili. Programu ikachapa kazi dakika mbili nzima kama haijaambiwa lolote, ikauawa. Lakini nilipoisimamisha kwa mkono wangu, ilihifadhi kila kitu na kuzima kwa adabu.

Mama akatazama skrini. "Basi iko mtu katikati anameza ujumbe."

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Programu yetu iliwashwa na skripti fupi, faili ya mistari michache ya amri, na msimamizi alikuwa akizungumza na skripti hiyo tu. Ilipokea amri ikanyamaza, bila kuifikisha. Nikaongeza neno moja, ili skripti ikishaiwasha programu iiachie nafasi yake na kuondoka, na amri za msimamizi ziifikie programu moja kwa moja.

Tukajaribu. Sekunde nne tu, majina yote yakahifadhiwa. Mama akapiga vigelegele, kisha akauliza kwa upole, "Na hii skripti nani aliandika?"

Niliiandika mimi.

Kesho yake tulimpigia simu mwanamke mmoja wa mtaa wa Jebel, mjini humo humo, kwa kuwa jina alilolitafuta lilikuwa miongoni mwa yaliyohifadhiwa. Alipofika, mama akamkalisha.

"Kaka yako iko hai. Iko New Site."

"New Site ya wapi?"

"Ya hapa Juba."

Akatukodolea macho. "Miaka miwili mimi nalia, na yeye iko New Site?"

Akajifunika uso kwa kitenge, mabega yakitetemeka. Sikujua kama analia au anacheka. Mara akainuka, akatoka mbio akiita boda, mama nyuma yake akipunga karatasi ya maelekezo iliyosahauliwa mezani.