Ncha ya Pili ya Kamba

Mwaka mmoja baada ya watu kuhamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, mwalimu Heche alimletea fundi Simioni gari lake kuukuu aina ya Pijo. Lilikuwa likivuta kushoto kama ng'ombe anayekimbia josho la dawa. Heche aliapa hajagonga kitu.

"Basi kisiki ndicho kilichokugonga wewe," Simioni alifoka, akipapasa tairi la mbele lililolika upande wa ndani tu.

Akatoa kamba ya katani apime kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, kila upande. Tangu mkewe, mama Joram, azikwe, ncha ya nyuma aliifunga kwenye jiwe, wala mteja hakuruhusiwa kuigusa. Siku hiyo jiwe liliteleza mara tatu. Heche akachuchumaa, akaishika mwenyewe.

Umbali wa kushoto ulipungua kwa vidole viwili. Simioni akaufungua mkono wa chini, chuma kinachoshika gurudumu la mbele, uliokuwa umepinda, akaupasha kwenye makaa, akaunyoosha kwa nyundo, akaurudisha. Wakapima tena.

"Vuta kidogo, mama Joram," alisema bila kuinua kichwa.

Heche akavuta. Vipimo vililingana, lakini Simioni alibaki ameinama pale pale, kamba mkononi, hataki kuiachia.