Nani Alianzisha Wimbo

Mwezi uliopita nilikuwa msibani Mgeta, ukungu umeshuka hadi mlangoni. Marehemu ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo za kwaya kanisani kwao. Barazani, wanakwaya wenzake walikuwa wakinong'onezana nani achukue nafasi yake.

"Wewe sauti yako nyembamba."

"Na yako je, kama debe?"

Ndani, nyuma ya pazia, mama mmoja wa kanisa hilo alikuwa peke yake akiuosha mwili. Tulimsikia: "Lete mkono, dada. Haya, na huu." Kisha, kama anayejibu swali: "Hapana, sikuonei wivu tena. Wewe Mungu alikupa sauti, mimi akanipa mikono. Inanitosha kuwaosha watu wake."

Akatoka na beseni.

"Ulikuwa unaongea na nani?" mwanakwaya mmoja akamuuliza.

"Na yeye." Akajifuta mikono kwenye kitenge. "Anauliza mbona hamuimbi."

Halafu wimbo ukaanza, kwa sauti nzuri sana, nasi sote tukaitikia.

Tangu siku hiyo nimewauliza wanakwaya, mmoja mmoja, nani alianzisha. Nafasi waliyokuwa wakiigombea, leo hakuna anayeitaka. Kila mmoja anaapa hakuwa yeye.