Nafunga

Fundi seremala jirani yetu huongea na skrubu mdomoni, kwa hiyo asiyemjua hudhani ana hasira. Redio ilipotangaza kimbunga, ambacho hakuna kati yetu aliyewahi kukiona, alipita nyumba hadi nyumba akiziba madirisha kwa mbao, penseli sikioni, akipima kwa shibiri kwa sababu haiamini futi kamba. Kabla ya kuinua ubao hugonga kioo mara mbili na kusema, "Nafunga." Hakazi skrubu hata moja mpaka aliye ndani aitikie, asije akamshtua mtu kwa giza. Kwetu mama aliitikia, "Haya, funga baba," naye fundi akamwagiza pale pale dirishani: "Jazeni maji. Kaeni chumba cha katikati, kisicho na dirisha. Na upepo ukinyamaza ghafla msitoke, huo unavuta pumzi tu."

Alasiri, mbingu imeshakuwa nyeusi, nilimfuata kwake nimsaidie. Lilibaki dirisha moja, la chumbani. Mkewe tulimzika mwezi uliopita. Aliegemeza ubao ukutani, akagonga kioo mara mbili, akasema, "Nafunga." Kisha akasubiri, kama alivyosubiri kwetu. Manyunyu yakaanza kumlowesha mgongo. Nilikohoa, hakugeuka. Basi nikaingia ndani, nikapita kitanda kilichotandikwa upande mmoja, nikasimama nyuma ya pazia asinione.

"Haya," nikasema, "funga baba."

Ubao ukapanda taratibu, chumba kikaingia giza.