Hondohondo Ambaye Hakunadiwa

Habari za kifo chake nilizipata kwa kipaza sauti kilichofungwa kwenye bodaboda, hapa Korogwe mjini, nikiwa nimeagiza chai. Mtangazaji aliusoma msiba kama anayembembeleza mtoto alale, nami nikakasirika kabla hata sijahuzunika. Jamani! Mzee aliyenadi ndoo, sufuria na mablanketi kwenye minada ya Handeni hadi Segera kwa koo lake tupu, leo anatangaziwa kwa mnong'ono! Angeweza, angeinuka akamnyang'anya yule bwana kipaza sauti, akajitangaza mwenyewe. Chai niliiacha palepale mezani, nikalia kidogo.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba napenda kuangalia ndege, na mnavyonicheka pia najua. Basi mzee huyu alipoachana na minada, akaiona darubini yangu, akataka tufuatane. "Mwandishi, mimi mzaliwa wa Mashewa. Tangu utoto nasikia mabawa ya hondohondo yanapita juu, vuu, vuu, nikiinua kichwa keshaondoka. Nisife sijamtazama usoni." Hondohondo, kwa msiomjua, ni ndege mkubwa mweusi mwenye mdomo uliobebeshwa mdomo mwingine juu yake. Nikamwambia sharti ni moja tu, kukaa kimya. Alicheka mpaka akakohoa, na hapo ningepaswa kushtuka mapema.

Safari ya kwanza tulikwenda nje kidogo ya Kwamndolwa, mwezi wa saba, baridi kali na ukungu umeshuka hadi huoni mahindi yaliyo mbele yako. Tukajibanza kichakani. Mara chozi, kale kandege kadogo ka mauani, akatua karibu. Mzee akasahau yote. "Huyo hapo! Mwangalieni huyo! Kijani mgongoni, mwekundu kifuani, njoo ujionee mwenyewe!" Chozi akaenda zake, lakini ndani ya ukungu akatokea mama mmoja anafungua fundo la kanga, na nyuma yake mwenzake, mikono bado ina unga.

"Shikamoo mzee. Ndoo zipo?"

"Marahaba. Leo hakuna ndoo, mama. Leo kuna ndege."

"Wa kufuga au wa kitoweo?"

"Wa kuangalia."

Yule mama akatutazama, mimi na darubini yangu, mzee na kofia yake ya mzula. "Watu wazima!" akasema, akalifunga tena fundo lake. Ikawa ndiyo hali yetu kila tuendako: ndege wanatukimbia, wateja wanatujia.

Kisha baridi ikampata mzee, sauti ikakauka kabisa. Mkewe akamkataza kutoka, naye akatoka. Tulikaa karibu na mkuyu mmoja huko Mashewa, ukungu unadondoka kwenye majani, mimi natetemeka na kujilaumu kwa kumleta mgonjwa. Vuu, vuu. Hondohondo akatua tawi la chini, karibu kiasi cha kuziona kope zake. Akachuma kuyu, akalirusha juu, akalidaka. Mzee alifungua mdomo, ikatoka pumzi tupu. Akanishika mkono akaubana kwelikweli, machozi yanamtiririka, na yule ndege akala hadi akashiba.

Sauti ilipomrudia nilingoja Segera nzima iambiwe. Wapi! Nikamuuliza kulikoni. "Mwandishi," akasema, "kwa sauti hii nimeuza ndoo zinazovuja na mablanketi yanayochuja rangi. Nikimnadi huyu, watadhani naye anavuja."

Baada ya maziko, mkewe aliniita kando ya jiko la msibani. "Wewe ndiye uliyekuwa unafuatana naye. Niambie ukweli mwanangu, nimeshazika, sina ugomvi tena. Yule mwanamke wa Mashewa amezaa naye?"

"Mwanamke gani, mama?"

"Mume wangu hata chumvi ikipanda bei alikuwa anatutangazia nyumba nzima. Siku moja anarudi toka Mashewa anatabasamu peke yake. Sauti inarudi, hasemi kitu. Halafu hakomi kwenda hukohuko. Ungekuwa wewe ungefikiria nini?"

Nikamweleza yote, kope, kuyu na mkono wangu uliobanwa. Akacheka hadi waombolezaji wakageuka, kisha akalia vibaya sana. "Ndege! Nimemnunia mzee wa watu mpaka kaburini kwa ajili ya ndege! Nipeleke nikamwone."

Wiki iliyopita nikampeleka. Njiani nilikuwa nawaza jinsi siku hizi tunavyowatangazia watu tusiowajua, kwa simu, kila sahani ya pilau na kila kiatu kipya, halafu nyumbani tunafika tukiwa bubu. Mzee hakukosea kumficha hondohondo wake asiingie mnadani. Alikosea kudhani nyumba yake nayo ni mnada. Mtu wako wa ndani hanadiwi kitu, anaambiwa tu, na aambiwe akiwa bado anaweza kufurahi pamoja nawe. Somo hili nimelipata kwa mzee, nami nawapa ninyi kama lilivyo.

Mama huyu ni mpole, ukiacha kicheko kile cha msibani sijawahi kumsikia akiinua sauti. Tulikaa palepale, ukungu uleule, kimya. Vuu, vuu. Hondohondo akatua. Mama akasimama, kanga ikamdondoka begani, akapaza sauti bonde zima likasikia: "Huyo hapo! Mume wangu, nimemwona! Huyo hapo!"

Ndege akaruka akapotelea ukunguni, na mimi sikumwambia mama anyamaze.